KWA NINI POLISI HAWASEMI YOTE WANAYOYAJUA

Mtu asomaye gazeti asubuhi, akakuta ya kwamba maiti imeonekana kando ya mto, aghalabu hupata mistari minne tu: mahali, saa, umri wa marehemu kwa kukisia, na ombi la polisi kwamba yeyote aliyepita njia ile usiku afike kituoni. Jina halipo. Namna alivyouawa haikutajwa. Msomaji hukunja gazeti lake akamwambia jirani kwamba polisi wanaficha jambo. Kwa kweli wanaficha, wala si kosa. Lakini yafaa ijulikane wanaficha nini, kwa muda gani, na ni nani anayeangalia wasije wakaficha kupita kiasi.

Katika nchi nyingi makao makuu ya polisi yana ofisi maalum ya habari. Maafisa wa ofisi hiyo hawapelelezi wala hawakamati. Kazi yao ni kupokea taarifa za wapelelezi, kuhakikisha kwamba kila neno ni kweli, kisha kuamua pamoja na mkuu wa upelelezi lipi liwafikie waandishi wa magazeti, lipi lingoje, na lipi lisitoke kabisa. Mara nyingine ofisi hizo huandika sifa za polisi pia, na hapo msomaji ana haki ya kusoma kwa jicho moja.

Jina la marehemu huchelewa kwa ajili ya jamaa zake. Si haki mama asikie kifo cha mwanawe katika redio huku amekaa sokoni akiuza ndizi. Kwanza hutumwa askari mpaka nyumbani, na kama jamaa wanakaa mbali hupigwa simu kituo kilicho karibu nao. Wakiisha kupata habari, ndipo jina hutolewa. Kazi hii yaweza kuchukua siku mbili au zaidi, na katika siku hizo uvumi hupata nafasi ya kuenea. Hiyo ni hasara, lakini polisi huona afadhali hasara hiyo kuliko ile nyingine.

Jambo jingine linalozuiwa ni gumu zaidi kueleza. Mauaji makubwa yanapotangazwa, huja watu wanaokiri kosa wasilolitenda. Wengine akili zao ni gonjwa, wengine wanatafuta sifa, na wengine wanataka kumkinga mtu wao. Kwa hiyo mpelelezi mwenye busara huweka jambo moja moyoni mwake, kwa mfano rangi ya kamba, au namna fundo lilivyofungwa. Huliweka lisijulikane ila kwake na kwa muuaji. Aliyeibiwa ng'ombe huulizwa alama za ng'ombe wake kabla ya kuonyeshwa zizi, na mwenye kukiri huulizwa vivyo hivyo. Asipolijua fundo, hurudishwa kwao.

Lakini siri ya namna hii ina sharti lake. Polisi wenyewe lazima wajue kwa hakika ni mambo gani yamekwisha kuchapwa katika magazeti na ni yapi bado. Sharti hili laonekana dogo, kazi ya karani mwenye mkasi na daftari. Huko Uingereza liliwahi kusahauliwa, na habari zake zitaelezwa hapa chini, baada ya kuonyesha kwanza jinsi polisi wa nchi hiyo walivyozoeana na magazeti.

MAMBO YA ZAMANI

Desturi yenyewe si ngeni. Mwaka 1772 John Fielding, hakimu kipofu wa mtaa wa Bow Street katika mji wa London, alianza kutoa karatasi iliyoeleza sura za wahalifu wanaotafutwa na alama za mali iliyoibwa, ikapelekwa kwa mahakimu wa nchi nzima. Fielding alitambua ya kwamba mwizi aendaye mbali na mahali alipoiba hupata usalama kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba watu wa huko hawana habari zake.

Lakini miaka mia moja na zaidi baadaye polisi wa London walikuwa wameisahau hekima hiyo. Katika mwaka 1888 wanawake maskini wa mtaa wa Whitechapel waliuawa mmoja baada ya mwingine, na polisi walikataa kusema na waandishi wa magazeti. Waandishi hawakurudi nyumbani kulala. Waliwafuata wapelelezi barabarani, wakawanunulia pombe majirani, wakachapa kila lililosemwa vilabuni. Mwishoni mwa Septemba barua iliyoandikwa kwa wino mwekundu ilifika katika ofisi ya wakala mmoja wa habari, nayo ilitiwa jina la Jack the Ripper. Polisi, ambao mpaka hapo walikuwa wamefunga midomo, walichapa picha ya barua hiyo katika matangazo ya ukutani wapate kujua ni mwandiko wa nani. Hakuna aliyeutambua. Badala yake zikaja barua nyingine kwa mamia, nyingi zimetiwa jina lile lile, na kila moja ikapoteza wakati wa askari. Baadhi ya wakubwa wa polisi walisema baadaye ya kuwa barua ile ya kwanza iliandikwa na mwandishi wa habari. Aliyewaua wanawake wale hajulikani hata leo, lakini jina alilobandikwa lajulikana duniani kote.

Mwaka 1910 magazeti yalionyesha upande wao mwema. Daktari Crippen, Mmarekani aliyekaa London, alitoroka, na baada ya kutoroka kwake mabaki ya maiti yakaonekana chini ya sakafu ya nyumba yake. Polisi wa Scotland Yard walitangaza picha yake na ya mwanamke aliyekuwa naye. Nahodha wa meli Montrose, iliyokuwa ikienda Kanada, alikuwa amesoma habari hizo, akamwangalia sana abiria mmoja aliyesafiri na kijana aliyesema ni mwanawe. Kijana mwenyewe hakuwa na mwendo wa kiume. Tarehe 22 Julai nahodha akapeleka habari kwa simu ya upepo. Inspekta Dew akapanda meli yenye mwendo zaidi, akatangulia kufika, na tarehe 31 Julai akamkamata Crippen kabla hajashuka. Ajabu ya safari ile ni kwamba wasomaji wa magazeti walizifuata meli zile mbili siku kwa siku, na Crippen mwenyewe, akitembea juu ya sitaha, hakujua neno.

Hata hivyo polisi wa London hawakuwa na ofisi ya habari mpaka mwaka 1919, wakati wa Sir Nevil Macready. Mwandishi aliyetaka habari kabla ya hapo alimtafuta askari mwenye njaa akampa fedha. Ofisi ile mpya ilikuwa ndogo mno, na waandishi waliilaumu kwamba inazuia zaidi kuliko inavyotoa. Lawama hiyo iliendelea miaka mingi. Sir Robert Mark aliyeshika ukuu wa polisi wa London mwaka 1972 ndiye aliyeigeuza desturi: badala ya afisa kukatazwa kusema ila apewe ruhusa, aliruhusiwa kueleza mambo ayajuayo kwa hakika ila pawepo sababu ya kunyamaza.

Upole huo ulileta faida upesi. Januari 1975 msichana wa miaka 17 aliibwa usiku nyumbani kwao katikati ya Uingereza, na aliyeandika ujumbe wa kudai fedha alionya polisi wasiambiwe. Habari ikavuja siku ile ile, ikatangazwa, na mpango wa ndugu yake wa kungojea simu ukavurugika. Msichana alikutwa amekufa mwezi wa Machi. Novemba mwaka ule ule msichana mwingine aliibwa katika London. Safari hii Scotland Yard waliwaita wahariri, wakawaeleza kila kitu, wakawaomba wasichape. Wahariri walikubali, ingawa kila mmoja wao aliogopa kwamba mwenzake atamwahi, na msichana akarudi kwao mzima. Tangu hapo mapatano ya namna hiyo yakawa ni desturi katika nchi ile. Wahariri hunyamaza kwa sababu wameambiwa yote. Mtu asiyeambiwa hana ahadi ya kuitimiza.

KANDA YA SAUTI

Sasa habari zile zilizotajwa mwanzo. Tangu 1975 wanawake waliuawa katika jimbo la Yorkshire na miji iliyo karibu, wengi wao usiku, kwa nyundo na kisu. Mkuu wa upelelezi alikuwa George Oldfield, afisa mwenye bidii aliyefanya kazi mpaka afya yake ikaharibika. Machi 1978 alipata barua kutoka Sunderland, mji wa pwani ulio kaskazini zaidi, na gazeti la Daily Mirror likapata nyingine. Mwandishi wa barua alidai kwamba yeye ndiye muuaji, akajiita Jack kwa kuiga zile barua za 1888. Machi 1979 ikaja ya tatu. Juni mwaka huo huo ikaja kanda, na ndani yake sauti ya mwanamume ikisema polepole, ikimcheka Oldfield kwa jina.

Kwa nini wapelelezi walisadiki? Hasa kwa sababu barua zilitaja mambo ambayo, kwa fikira zao, muuaji peke yake ndiye awezaye kuyajua. Hapa ndipo daftari la karani lilipohitajiwa. Baadaye ilibainika kwamba mambo hayo yalikuwa yamekwisha kuchapwa katika magazeti, na mtu yeyote mwenye senti za kununua gazeti angaliweza kuyaandika. Polisi waliidhani kuwa siri habari iliyokuwa imekwisha kufungiwa samaki.

Tarehe 26 Juni 1979 Oldfield aliwakutanisha waandishi, akawapigia kanda ile. Ikasikika katika redio na televisheni. Mabango makubwa yakawekwa barabarani, na ikafunguliwa nambari ya simu ambayo mtu akiipiga husikia sauti yenyewe. Wataalamu wawili wa lugha kutoka Chuo Kikuu cha Leeds waliisikiliza, wakasema msemaji ametoka kijiji cha Castletown karibu na Sunderland. Hawakukosea. Mtu wa Mombasa humtambua mtu wa Lamu kwa maneno machache, na wataalamu hao walikuwa na masikio ya namna hiyo. Lakini kujua mtu ametoka wapi si kujua ametenda nini, na wataalamu wenyewe waliingiwa na wasiwasi wakawaeleza polisi kwamba pengine mwenye sauti si muuaji.

Wakati huo neno lilikuwa limekwisha toka. Raia walipiga simu kwa maelfu, kila mmoja akimtaja mtu mwenye lafudhi ya Sunderland. Vijana waliotoka huko kwenda kutafuta kazi kusini walihojiwa. Na kwa upande mwingine, mtu asiyekuwa na lafudhi hiyo alikuwa kama amepewa cheti cha usafi. Peter Sutcliffe, dereva wa lori aliyezaliwa Bingley karibu na Bradford, alihojiwa na polisi mara tisa katika miaka ile. Julai 1979, mwezi mmoja tu baada ya kanda kutangazwa, konstebo mmoja wa upelelezi alikwenda nyumbani kwake, akaingiwa na shaka, akaandika taarifa. Taarifa ikawekwa kando. Mwandiko wa Sutcliffe haukufanana na ule wa barua, na alisema kama watu wa Bradford.

Septemba 1979 mwenye kanda, pengine kwa kuona alilolitenda, aliwapigia simu polisi akawaambia kwamba ni ulaghai. Hawakumsadiki. Walikuwa wameisha tumia fedha nyingi na heshima nyingi zaidi katika kuwaambia watu kinyume chake, na ofisi iliyosema jambo kwa sauti kuu huona uzito kusema vingine. Kati ya siku ile ya Juni 1979 na Novemba 1980 wanawake watatu zaidi waliuawa. Hakuna awezaye kuapa kwamba wangalipona kama kanda isingalitangazwa. Upelelezi ule ulikuwa na kasoro nyingine nyingi, hasa kadi kwa maelfu ambazo makarani walishindwa kuzilinganisha. Lakini kanda ndiyo iliyowafumba wapelelezi macho, na raia pamoja nao.

Muuaji alikamatwa tarehe 2 Januari 1981 katika mji wa Sheffield. Hakukamatwa kwa tangazo lolote. Askari wawili wa doria walimkuta ndani ya gari pamoja na mwanamke, wakaitazama nambari ya gari, wakaona ni ya uongo.

BAADA YA KUKAMATWA

Siku mbili baadaye, kabla mtu huyo hajafikishwa mbele ya hakimu, wakubwa wa polisi walikaa mbele ya waandishi kwa nyuso za furaha, wakasema maneno ambayo kila aliyeyasikia alielewa kwamba msako umekwisha. Furaha yao ilikuwa ya kibinadamu. Lakini katika Uingereza kesi ya mauaji huamuliwa na raia 12 wanaoapishwa kusikiliza ushahidi wa mahakamani peke yake, na raia hao ni wasomaji wa magazeti kama wengine. Katika kesi ile bahati ilikuwa kwamba mshtakiwa hakukana kuua. Kilichobaki ni kuamua hali ya akili yake. Alihukumiwa mwaka ule ule kwa mauaji ya wanawake 13.

Bunge la Uingereza, ambalo tayari lilikuwa likitafakari mambo haya kwa sababu nyingine, lilipitisha katika mwaka huo wa 1981 sheria juu ya kudharau mahakama. Tangu mtu anapokamatwa, gazeti halina ruhusa ya kuchapa jambo lenye hatari kubwa ya kuiharibu kesi yake. Ndiyo maana polisi wa huko, mtu akiisha kukamatwa, hugeuka ghafla kuwa mabubu, hata kama jana walikuwa wakiomba msaada wa kila mtu. Wasomaji huudhika, lakini kisa cha Bristol chaonyesha faida yake.

Mwishoni mwa 2010 mwanamke kijana aliuawa katika mji huo. Polisi walimkamata mwenye nyumba wake, mwalimu mstaafu, wakamwachilia kwa dhamana baada ya siku chache. Katika siku hizo magazeti yaliandika juu ya nywele zake, desturi zake na vitabu alivyovipenda, kana kwamba mtu kuwa na nywele za ajabu ni dalili ya kuua. Hakuwa na hatia yoyote. Muuaji alikuwa jirani, naye alihukumiwa Oktoba 2011. Mwezi wa Julai mwaka huo magazeti manane yalimlipa mwalimu yule fidia kwa kumkashifu, na mahakama ikalitoza Daily Mirror faini ya pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000. Baadaye, Februari 2022, Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mtu anayepelelezwa, kabla hajashtakiwa, kwa kawaida ana haki ya kutazamia habari hizo zisitangazwe.

HAKI YA KUULIZA

Yule mwenye kanda alikaa miaka 26 bila kujulikana. Kipande cha bahasha moja kilikuwa kimehifadhiwa, na mwaka 2005 wataalamu walipata katika gundi yake alama za mate zilizolingana na za mwanamume mmoja wa Sunderland. Machi 2006 alifungwa miaka 8. Katika miezi hiyo hiyo raia wa Uingereza walipata jambo jingine walilolingoja muda mrefu. Makosa ya upelelezi wa Yorkshire yalikuwa yamechunguzwa na Lawrence Byford mwaka 1981, lakini taarifa yake kamili ilifungiwa kabatini. Sheria ya kupata habari za Serikali ilipoanza kutumika kikamilifu Januari 2005, watu waliiomba kwa nguvu ya sheria hiyo, na Juni 2006 sehemu yake kubwa ikatolewa. Humo ndimo yalimosomwa mengi ya haya yaliyoelezwa hapa.

Kenya, ambayo polisi wake waliundwa kwa mfano wa Kiingereza, nayo ina sheria ya namna hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaeleza njia. Polisi wanaweza kukataa kutoa habari ambayo itahatarisha maisha ya mtu, au kuzuia mwendo wa sheria, au kuingilia mambo ya faragha ya mtu pasipo sababu. Kwa hiyo fundo lile la kamba bado ni salama. Lakini hawawezi kukataa kwa sababu tu habari yenyewe inawaaibisha.

Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Jibu litolewe katika muda wa siku 21, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano ndugu aliyechukuliwa usiku asijulikane alipo, katika saa 48. Haki ya mwombaji haipungui kwa sababu yoyote atakayoitoa ya kutaka habari. Akinyimwa, aweza kupeleka shauri lake mbele ya tume inayosikiliza malalamiko ya raia juu ya ofisi za Serikali. Na mtu asiyejua kuandika asirudi nyumbani kwa sababu hiyo: aseme anachotaka, na afisa anayehusika atapaswa kuyaandika maneno yake.